Maji ya Daftari Langu

Watu wanaonikuta nimeshika kalamu hudhani naandika dua. Hupunguza sauti. Wengine huvua viatu mlangoni hata kama hawaingii ndani. Tangu nianze kuandika sijaandika dua hata moja. Dua naisoma kwa mdomo baada ya swala, na Mwenyezi Mungu hahitaji daftari langu ili akumbuke. Ninayesahau ni mimi.

Wanakosea kwa sababu ya herufi. Naandika Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kuweka irabu, mkono ukienda mbio kama nilivyozoea tangu mdogo. Shule ya serikali sikudumu. Nilikwenda kidogo, baba akauliza nani ataamia ndege shambani, nikarudi shambani. Chuoni nilidumu. Mwalimu wetu alikuwa shangazi yake baba, mwanamke mkali kuliko mie, na mie watu wananijua. Akituandikisha kwenye mbao alisema: "Msichana akijua kuandika jina la Mola wake, na la kuku wake ataandika." Hizi herufi za Kizungu ninazoandikia habari hii nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tumekaa juu ya mikeka na watoto migongoni. Nazijua, lakini naziandika kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima.

Binti mmoja wa jirani anayesoma sekondari aliniambia kitu ninachoandika kinaitwa shajara. Nikamwambia sawa. Mimi nakiita daftari.

Nilianza nikiwa juu ya dungu. Asiyelijua dungu, ni kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, kule bondeni kwenye delta tulikokuwa tukilima. Mpunga ukianza kutia maziwa unahamia humo na vyombo vyako na unakaa mpaka uvune, kwa sababu mchana kuna ndege, na jua likizama wanakuja nguruwe na kiboko. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakata boriti mikokoni. Akija alikuja na unga na chumvi, akiondoka, ameondoka. Nilibaki mimi, mtoto wa kifuani, kombeo na debe la kupigia kelele. Kutwa unawapigia ndege ukelele. Ikifika alasiri sauti imekwisha, na neno lenyewe ulilotaka kumwambia mtu hujalisema, maana ndege hawakuulizi habari za nyumbani.

Nikamwagiza mume wangu daftari na biro. Akaleta, akauliza, "La mtoto? Mbona hata kukaa hajajua?" Nikamwambia la kwangu. Akacheka, akalala. Siku ya pili yake, alipokwisha ondoka, nikaandika: Leo kiboko ameingia upande wa mto. Nimepiga debe. Hakujali.

Nilipomaliza kuandika niliona kama nimemwambia mtu. Hilo ndilo lililonishika. Kiboko hakuondoka, mpunga haukuinuka, lakini jambo lilikuwa limesemwa na mimi nikaweza kupika.

Toka hapo sijaacha. Naandika baada ya swala ya alasiri, kabla ya kuwasha moto. Naandika lililotokea. Siandiki kuwa nimehuzunika wala nimefurahi; nani hajui kuwa mtu huhuzunika? Naandika nilichopika, aliyekuja, aliyeondoka, maji yamefika wapi, nani kasema nini. Na nimegundua faida moja ambayo binti yule wa sekondari hakunitajia. Neno likishaingia daftarini halina haraka tena ya kutoka mdomoni. Jirani yangu ana mabata. Mabata yake yamekula miche yangu ya mchicha, nami nikamwendea, akanitazama usoni akasema, "Bata wangu hawali mchicha." Ningelijibu siku ile, leo tusingezikana. Nikaenda nikaandika: Bata wa jirani hawali mchicha. Mchicha umejila wenyewe. Nikafunga daftari, nikampelekea chumvi aliyokuwa ameniomba asubuhi.

Mume wangu alipofariki na miguu yangu ilipoanza kuyakataa matope ya bondeni, mwanangu alinichukua nikae kwake huku Mtawanya. Nilikuja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku madaftari yangu yote, ya dungu na ya baadaye.

Mwanangu kazi yake ni kamba. Anashuka delta kuwanunua kwa wavuvi na kuwapandisha, na hukaa huko siku nyingi. Kwa hiyo nyumba ile hasa ilikuwa yangu na mkaza mwanangu, mkewe huyo mwanangu. Yeye ni binti wa Kimatumbi, wa kutoka vilimani kusini, wazee wake walihamia Ikwiriri. Mpole, mwenye adabu, anaongea kidogo. Mimi naongea kidogo pia. Ukiweka watu wawili wa namna hiyo nyumba moja, mnaweza kukaa msimu mzima hamjajuana.

Tena mimi si mtu wa kubembeleza. Nililelewa hivyo. Ukianguka uliambiwa inuka, ukiinuka uliambiwa chota maji.

Mkaza mwanangu alizika watoto wawili. Wote waliwahi kutoka kabla ya wakati wao. Wa kwanza hakulia, wa pili alilia kidogo. Baada ya wa pili alilala akiutazama ukuta. Sikukaa naye kitandani kumshika mkono, kwa sababu sijui kufanya hivyo. Nilikuwa nikisukuma mlango, naweka kikombe cha uji, nasema, "Kunywa, unapoa," natoka. Baadaye narudi, uji umelala palepale, nachukua kikombe natoka nacho. Yeye akinitazama aliona uso wangu huu huu nilio nao.

Akashika mimba ya tatu. Hakuniambia, niliona mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akikimbia harufu ya dagaa. Nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo, nikaacha kukaanga dagaa.

Ni wakati huo ndipo mambo ya daftari yalipoanza kubadilika, nami sikuyaelewa. Nilizoea kuliacha juu ya kiti cha uvivu, nikirudi nalikuta palepale. Sasa nikawa nalikuta juu ya rafu, pembeni ya msahafu, limezungushiwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Nikamuuliza, "Nani kalivisha sanda daftari langu?" Akasema, "Vumbi, mama." Nikiwa naandika hapiti mbele yangu, anazunguka nyuma ya nyumba na ndoo yake kichwani, njia ndefu, tumbo hilo. Akinipokea daftari ananawa mikono kwanza. Nikasema moyoni, wazee wake wamemlea vizuri.

Nilikuwa naona pia kwamba anavaa kandambili za mumewe. Nikamwambia, "Umekuwa mwanamume siku hizi?" Akatabasamu, akasema zake zimekatika. Sikuchungulia kama kweli zimekatika. Niliandika jioni ile: Mkaza mwana anavaa kandambili za mumewe. Anasema kichwa kinamgonga, ni jua. Nikaendelea na mambo mengine.

Siku moja nilitaka kujua mwaka ule maji yalipofunika dungu la chini ilikuwa kabla au baada ya mwanangu kuota meno. Jambo dogo, lakini jirani wa mabata alikuwa amenibishia, na mimi sibishiwi juu ya meno ya mwanangu. Nikafungua sanduku, nikatoa daftari la kwanza kabisa, lile la dungu. Nikaona limepungua. Kurasa za mwanzo hazipo. Hazikugugunwa na panya, panya hana subira ya kuchana kwa kufuata mshono.

Nikakaa juu ya sanduku nikafikiri. Nyumbani tulikuwa wawili. Nikainuka, nikaanza kutazama, na sikutazama sana. Nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa, pale penye baridi, palikuwa na jagi limefunikwa sahani, na juu ya sahani kitambaa cheupe. Nikafunua. Ndani mlikuwa na maji, na ndani ya maji ukurasa wangu umekunjwa mara mbili, unaelea kama andazi lililoshindwa kuiva.

Nikamwita. Alikuwa anapepeta mchele uani. Akaja na ungo mkononi, akaliona jagi, akaweka ungo chini taratibu.

"Hii nini?"

"Maji, mama."

"Maji siku hizi yanaota karatasi?"

Akajifuta vumbi la mchele mikononi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kupigwa, "Ni kombe."

Kombe kwetu kila mtu analijua. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani au karatasi, maandishi yanaoshwa kwa maji, na mwenye shida anayanywa maji yale. Silikatai kombe. Bibi yangu alinywa, na mimi nimenywa.

"Kombe la nani?"

"Lako, mama."

"Kombe huandikwa kwa zafarani. Hii ni biro."

"Ndiyo maana naliloweka kutwa," akasema. "Haitoki upesi."

Nikaketi. Nikamwambia naye aketi, na alipoketi nikaona anavyojishikilia ukuta kushuka. Nikamuuliza zile kurasa nyingine ziko wapi. Akasema alipokwisha kunywa maji yake alizifukia chini ya mlimau, pahali safi, kwa sababu maandishi kama yale hayatupwi jaani. Hapo nilikosa la kumgombeza. Amenichania daftari, lakini karatasi zangu amezizika vizuri kuliko wengi wanavyozika majirani zao.

"Kwa nini ulichukua la zamani?"

"La zamani lina nguvu zaidi. Hata wazee wanasema."

"Nani kakwambia mimi naandika dua?"

"Hakuna aliyeniambia. Naona. Kila siku baada ya alasiri unakaa unaandika. Nilipopata hii," akagusa tumbo, "ukawa unaandika zaidi. Na hukusema neno. Nikajua unaniombea."

Nikamwambia sivyo. Nikamwambia ni habari za nyumbani, mpunga, mabata, mvua. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemruhusu mtu mzima aseme uongo wa adabu.

"Mama, siyo lazima unikubalie. Mtu anayemwombea mwenzake hasemi."

Hapo nikaona nimepatikana. Nimekaa duniani miaka mingi nikiambiwa mkali, mchoyo wa maneno, uso wa jiwe, na sijawahi kupata shida ya kumsadikisha mtu. Leo amekuja mmoja anayeniona mwema, na haniachi.

"Chuo ulisoma?" nikamuuliza.

"Nilisoma. Juzuu amma niliihifadhi. Halafu tukahama."

"Herufi unazijua?"

"Zenye irabu. Hizi zako hazina. Hizi ni za wanavyuoni."

Nikatoa ukurasa kwenye jagi, nikautandaza juu ya paja langu, juu ya kanga. Wino wa biro haukuwa umetoka. Ulikuwa umefifia pembeni, basi. Nikaweka kidole.

"Hii?"

"Kafu."

"Endelea."

"Be. Wau. Kafu. Wau." Akarudia polepole, midomo ikitafuta. "Ka… ki… Mama, hii si inasema kiboko?"

"Kiboko."

"Kiboko yumo kwenye dua?"

"Hakuna dua, mwanangu. Kuna kiboko."

Nikamsomea ukurasa wote. Sijawahi kumsomea mtu daftari langu, hata marehemu mume wangu. Ulikuwa unasema kiboko amerudi, amelala kwenye mpunga kama kitandani kwake, nimepiga debe mpaka mkono umekufa ganzi, mtoto ana mafua, unga umekwisha, nimekula boga. Nilipomaliza alikuwa anatazama jagi.

"Basi nimekunywa kiboko," akasema.

"Na boga."

Mdomo ukamcheza kidogo kama anayetaka kucheka, na hapo hapo machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yanashuka tu. Akasema, "Kwa hiyo sina kitu. Siku zote hizi nilikuwa sina kitu."

Nikamuuliza habari ya kliniki. Kila alipotoka asubuhi ya kliniki na kadi yake nilijua anakwenda huko. Akaniambia ukweli. Alikuwa anakwenda kwa mama mmoja barabarani, anakaa naye, anarudi. Zile mimba mbili za kwanza alihudhuria bila kukosa, akapimwa, akaandikwa, na akazika. Safari hii alisema afuate yangu, aone. Tangu alipoanza kunywa maji ya daftari hakwenda tena kupimwa.

Hapo niliuweka ukurasa chini. Na kwa mara ya kwanza nikamtazama kama ninavyotazama mpunga, siyo kama mtu unayekaa naye. Uso umejaa. Vidole vimejaa, pete imezama. Miguu ndani ya zile kandambili za mumewe ilikuwa imefura mpaka kamba zimeacha mistari.

"Kichwa bado kinagonga?"

"Kinagonga. Na wakati mwingine naona vimulimuli mchana."

"Inuka twende hospitali, Kibiti."

"Siendi."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu aliyekwisha funga mlango. Akasema huko ndiko alikotokea na mikono mitupu mara zote mbili, na kama ni kurudi hivyo tena afadhali akae hapa hapa. Ningeweza kumfokea. Mdomo ulikuwa tayari. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama. Humo ndani na mimi nimo?"

"Umo."

"Umeandika nini?"

Nikafungua sanduku tena. Nikachukua daftari la mwaka ule wa mtoto wa pili, nikatafuta, nikapata. Sikumtazama. Nikasoma kama ilivyo:

Leo tumezika. Wanaume wamerudi kabla ya adhuhuri. Mkaza mwana hajala. Nimepika uji wa mchele. Hakunywa. Nimeumwaga, nimepika mwingine. Hakunywa.

Nguo ndogo nimezifua, nimezianika nyuma ya choo asizione. Uji hakunywa.

Nimetia tui. Hakunywa. Jirani ameleta mayai ya bata. Kasema mchicha ule walikula bata wake. Nimepokea.

Nimetia tui na iliki. Nimesimama nyuma ya mlango, nimesikia kikombe kinagonga sakafu. Nimeingia, umepungua.

Leo amekunywa nusu kikombe. Alhamdulillahi.

Nikafunga. Uani kuku walikuwa wameuvamia ungo wa mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Iliki niliisikia," akasema baadaye. "Nilijua umenikasirikia. Ulikuwa ukija, unachukua kikombe, unaondoka na uso ule. Nikasema, mama amechoka kuharibu mchele wake kwa ajili yangu."

"Nina uso mmoja tu."

"Ulisimama nyuma ya mlango?"

"Ningesimama wapi?"

Akajifuta kwa pembe ya kanga. "Halafu unasema hujaandika dua. Ile ya mwisho ni nini?"

"Ile ni shukrani."

"Haya, mama. Shukrani." Akajaribu kuinuka, akashindwa, akaninyooshea mkono. Nikaushika. Alipokwisha simama hakuuachia. "Nitakwenda. Lakini hili daftari na la sasa tuende nayo."

Nikamwita kijana wa bajaji wa barabarani, nikamwambia akipita kwenye shimo nitamtapikia. Alikwenda kama amebeba mayai.

Hospitalini Kibiti nesi alimfunga mkono kile kitambaa cha kupimia, akakipuliza, akatazama, akakipuliza tena. Akauliza miguu imevimba tangu lini na kichwa kimeanza lini. Mkaza mwanangu akasema hakumbuki. Mimi nikafungua daftari la sasa nikatafuta ile siku ya kandambili, nikamwambia. Nesi akaandika, akaenda kumwita daktari. Daktari akasema ni presha ya mimba na tumefika wakati unaofaa kufika, asingependa tulale nyumbani hata siku moja nyingine. Akasema analazwa, na huenda mtoto akatolewa mapema.

Tukakaa kwenye benchi kungoja kitanda. Alikuwa ameyashika magoti yake kwa nguvu hivi, na macho yake yako kwenye mlango waliokuwa wakiingilia akina mama. Sijui kumbembeleza mtu. Nilimwambia, "Nikusomee?"

"Nisomee."

Nikasoma kwa sauti ndogo, kutoka popote lilipofunguka daftari lile la zamani. Habari za mvua. Habari za paa lililovuja juu ya kitanda cha mwanangu na yeye akasema ni jasho. Habari ya bata. Nilipofika kwenye bata niliona benchi limekuwa kimya. Mama mmoja alikuwa ameuweka mtandio wake vizuri kichwani. Mwingine amefungua viganja vyake juu ya mapaja. Walikuwa wanaona herufi, wanamwona mwanamke mzee, na sauti yangu ilikuwa chini, hawasikii maneno. Nikamaliza: mchicha umejila wenyewe. Yule mwenye viganja akavipitisha usoni, akasema, "Amin."

Mkaza mwanangu akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yakawa yanacheza. Yule mama akamwonea huruma, akampigapiga mgongoni: "Lia, mwanangu, lia. Bibi anakuombea." Alizidi kucheka mpaka machozi. Nami sikuwarekebisha. Zamani ningewarekebisha. Nikageuza ukurasa nikaendelea, na walipoitikia amin mara ya pili sikuona kama wamekosea sana.

Walimtoa mtoto kwa upasuaji. Wa kike, mdogo kama boga changa, lakini alilia, na aliendelea kulia. Tulikaa hospitali mpaka tukajulikana kwa majina. Mama yake alikaa naye kifuani ngozi kwa ngozi, tukipokezana pale alipochoka, na ndivyo nilivyojua kuwa na mimi naweza kukaa nimemshika mtu bila kufanya kazi nyingine. Nilipika uji, nikaupeleka. Alikunywa. Siku ya kwanza alipomaliza kikombe chote alinirudishia akasema, "Andika."

Ukurasa ule wa kwenye jagi niliukausha juu ya jiwe, ukakauka umekunjamana. Nimeurudisha mahali pake. Zile nyingine ziko chini ya mlimau na siwezi kuziandika upya, kwa sababu, ukiacha maneno yale ya siku ya kwanza, kweli sikumbuki zilisema nini. Mkaza mwanangu anasema nisihangaike, anazo yeye tumboni. Nilimuuliza kama bado anadhani zilimsaidia. Alifikiri, akasema, "Zilinipeleka kwako, mama. Ila kwa njia ndefu." Niliandika.

Kliniki ya mtoto sasa tunakwenda wote watatu, na siku za kliniki nimeziandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa, pamoja na irabu, ili asipate kisingizio.

Yule mtoto ametembea mapema. Penye maji hapapiti hivi hivi. Ndoo, beseni, dimbwi la mvua, la jirani lile la mabata, ataingia, atakaa, na ukimtoa anakutazama kwa macho mazito kama umemkosea. Jana alikuwa ndani ya beseni la nguo nilizokwisha suuza. Mama yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akanitazama mimi badala ya kumtazama mtoto.

"Mama, mwone. Nilikwambia nimemnywa."

Baada ya alasiri nikaketi, nikafungua daftari. Alipita mbele yangu na ndoo yake, njia fupi, bila hata kuomba radhi. Nikaandika: Leo kiboko ameingia kwenye beseni. Nimepiga kelele. Hakujali.